Alama Nilizosahau Kuziondoa

Nina tabia mbaya ya kudharau watu wanaotumia mausi ya kompyuta. Naanza na aibu hiyo kwa sababu yote yaliyofuata yalitokana nayo. Mteja akiingia kwenye steshenari yangu hapa Tunduma akalalamika kwamba duka la jirani wamemweka nusu saa wakibofya picha moja moja, mimi huvuta kibodi, napiga vitufe vitatu, na kazi inaisha kabla hajapata pa kukaa. Nilipenda sana wanitazame wakati huo. Nilipenda waende wakasimulie kwamba kuna dada pale karibu na stendi ni fundi kweli kweli.

Ufundi wenyewe nilipewa na binamu yangu anayefundisha sekondari kule Igamba. Flashi za wateja zilikuwa zinaniletea virusi kila siku, mpaka siku moja nikamlilia kwenye simu. Akaja Jumamosi, akafuta kila kitu kilichokuwemo kwenye kompyuta, akaweka Linux, mfumo usioshikwa na virusi ovyo, halafu akanionyesha programu ya kusimamia mafaili ambayo haina mapambo yoyote: orodha ya majina tu kwenye kioo cheusi. Unapanda na kushuka kwa vidole. Ukifika kwenye faili unalolitaka unagonga kile kitufe kirefu cha nafasi, na nyota ndogo inatokea pembeni ya jina. Unaweka nyota kwenye la kwanza, la tano, la tisa, upendavyo. Kisha unabonyeza herufi moja. Programu inakusanya njia za mafaili yote yenye nyota, yaani anwani zake kamili, kuanzia kwenye diski, folda kwa folda, mpaka jina lenyewe, halafu inazikabidhi kwa amri uliyoiandika. Amri haioni picha wala haisikii sauti. Inapewa anwani, inakwenda pale, inafanya ilichotumwa.

Nikajifunza kuandika amri zangu mwenyewe. P ilipunguza picha za pasipoti. S iligeuza rekodi za simu zipigike kwenye spika za kanisani. K ilinakili kwenye flashi. F ilifuta. Mwanzoni F ilikuwa inauliza kwanza kama nina uhakika, na kwa wiki mbili nikawa naijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama mtu anayehojiwa na mama mkwe. Hasira zangu ziko karibu. Kitu kikiniuliza mara mbili nahisi kinanidharau. Nikaliondoa lile swali. Binamu aliposikia akanipigia kunionya, nikamjibu kwamba yeye anafundisha watoto, mimi nahudumia watu wazima.

Na kufuta, hapa mpakani, ni nusu ya kazi. Watu wa Tunduma hakuna wanachoogopa kuliko nakala ya pasipoti yao kubaki kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Kila mmoja ameshasikia habari za fulani ambaye kitambulisho chake kilitumika asikokujua. Kwa hiyo steshenari inayoaminika ni ile inayofuta mbele ya macho ya mteja. Unamaliza kuchapa, unageuza kioo kimtazame, unafuta naye akishuhudia, ndipo anaondoka. Mimi nilikuwa nasifika kwa hilo kuliko wenzangu wote. F yangu ilikuwa ikifagia kama upepo, na mawakala wa forodha walikuwa wakiruka maduka mawili kuja kwangu.

Ilikuwa kiangazi, vumbi la malori limeingia mpaka kwenye droo, alipokuja mama mmoja kutoka Ikinga, kule Ileje. Alikuwa amenizidi miaka kama kumi, kwa hiyo nikamwamkia, akaitikia na kukaa. Akafungua pindo la kanga, ndani kulikuwa na leso, ndani ya leso kulikuwa na memori kadi.

Aliniambia mama yao alifariki mwaka uliopita. Miezi ya mwisho, mzee akiwa hatoki tena kitandani, yeye alikuwa akiweka simu juu ya mto na kumwacha aongee. Mama aliongea Kindali chake, akataja ukoo kutoka kwa babu wa babu, akaimba, akawasema wanawe mmoja mmoja, akacheka. Zilikuwa rekodi saba. Simu ilikuwa imekufa, kadi ndiyo iliyobaki. Baada ya wiki mbili familia ilikuwa inakwenda kujengea kaburi, na ndugu wangefika kutoka ng'ambo zote, Malawi na Zambia. Alitaka siku hiyo, saruji ikishawekwa na msalaba ukisimama, sauti ya mama isikike kwenye spika.

"Na uniwekee na zile nyimbo za kwaya yetu, ziko kwenye hii flashi. Nyimbo zikae humo humo kwenye kadi," alisema.

"Dada, ukirudi mchana utakuta tayari," nikamwambia.

Akaenda sokoni. Nikachomeka kadi, nikafungua folda, nikazikuta zote saba, nikaisikiliza ya kwanza kidogo kupima sauti. Kila fundi anajua kwamba cha mtu kinanakiliwa kwanza ndipo kiguswe. Mimi niliona hiyo ni kanuni ya watu wasiojiamini. Nikaweka nyota, moja, mbili, mpaka saba, nipige S moja kwa moja kwenye kadi.

Kidole kikiwa njiani akaingia wakala mmoja anapumua kwa nguvu. Malori yake matatu yalikuwa kwenye foleni na karatasi zilikuwa zimekataliwa. "Sista, niokoe, dereva wangu wa mbele anakaribia geti!" Nikaiacha kadi palepale ilipo, nikahamia kwenye folda ya skana. Nikaskani karatasi zake na pasipoti za madereva, kurasa kumi na mbili, nikachapa, nikapanga, nikabana pini. Alipozipokea hakuondoka. Akasimama akinitazama kama wanavyosimama wote.

"Futa basi nione, nisije nikakutana na pasipoti yangu Lusaka."

Nikacheka. Nikageuza kioo, nikaweka nyota kwenye zile kurasa kumi na mbili kwa kasi ya kumfurahisha, nikapiga F. Folda ikabaki tupu. "Umeona?" nikamuuliza. Akasema, "Wewe ni noma," akatoka mbio.

Chini kabisa ya kioo, kwenye mstari mwembamba ambao siku zote upo, kulikuwa kumeandikwa idadi ya mafaili yaliyofutwa. Kumi na tisa. Niliiona. Leo hii nikifumba macho naiona. Ila siku ile niliitazama kama mtu anavyotazama saa ya ukutani bila haja ya kujua ni saa ngapi.

Programu ile haisahau nyota. Ukihama folda, nyota ulizoziweka kule ulikotoka zinabaki palepale, hadi uziondoe kwa mkono. Hilo nililijua, na nilikuwa najisifia kwalo kwa watu: naweza kuokota mafaili kutoka folda kumi na kuyatuma yote kwa amri moja. Amri ya kufuta ilipewa anwani kumi na tisa ikaenda kwenye anwani zote kumi na tisa. Haikukosea hata moja.

Sikugundua hapo. Nilirudi kwenye kazi ya yule mama, na kwa kuwa flashi ya kwaya ilikuwa imeshachomekwa, nikaanza na nyimbo. Nikazimimina kwenye kadi, nyimbo nyingi, albamu mbili nzima. Ndipo nikafungua ile folda ya rekodi nipige S. Ilikuwa tupu.

Nikatoka nje ya folda, nikaingia tena, kana kwamba mlango ndio ulikuwa na makosa. Nikampigia binamu, akiwa darasani, akatoka kunisikiliza. Kwanza akauliza, "Umeandika chochote kwenye kadi baada ya kufuta?" Nikamwambia nyimbo. Angeweza kunikumbusha lile swali nililoliondoa, hakufanya hivyo, na mimi ningependa angefanya. Akanielekeza programu ya kufukua vilivyofutwa. Nikafukua na kufukua. Nyimbo zilikuwa zimekaa juu ya kila kitu. Nilichopata ni kipande cha sekunde chache tu: mtu anakohoa, na kuku.

Alipoingia mlangoni na kapu lake nilikuwa bado sijaamua chochote. Naapa sikuwa nimepanga kusema uongo. Nilikuwa nimepanga kusema nimekosa. Lakini aliingia akitabasamu, na nyuma yake kulikuwa na wateja wawili wamesimama, wakala mmoja na mwalimu mmoja, watu wanaonijua kama fundi. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Dada, hii kadi nimeikuta haina kitu. Rekodi zilishafutwa."

Alinitazama bila kuelewa. "Zilifutwa na nani?"

"Labda kuna mtu mwingine aliitumia?"

Akafikiri. Nikamwona anafikiri, na nikamwacha afikiri. Kisha akasema taratibu kwamba wiki iliyopita mdogo wake alikuja kumsalimia akaiazima kadi, akaiweka kwenye simu yake siku mbili.

"Basi huenda ni hapo," nikasema.

Sikusema ni yeye, nilisema huenda. Kwa miezi mingi nilijificha nyuma ya neno hilo, nikijiambia kwamba sikumtaja mtu yeyote.

Yule mama hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaikunja ile leso mara nne, akaikunjua, akaikunja tena. Mwalimu akampa pole. Mimi pia nikampa pole. Pole yangu mimi!

Miezi ikapita. Nililirudisha lile swali kwenye F, nikaanza kunakili kabla ya kugusa, nikawa mwangalifu hadi wateja wakaanza kulalamika kwamba siku hizi nachelewa. Nilidhani uangalifu ungenitosha. Nilikuwa nikisali Jumapili nikitubu kwa jumla, Bwana unisamehe niliyoyatenda kwa kujua na kutojua, nikiruka kutaja ni lipi.

Mvua zilipoanza yule mama akarudi. Alikuja kutoa nakala za cheti cha mwanawe, na mkononi alikuwa na mfuko wa maharage, mapya, yale ya milimani.

"Haya ya kwako, dada. Siku ile ulihangaika sana na kadi yangu, sikukushukuru."

Nikauliza, kaburi lilijengewa salama? Akasema lilijengewa, lakini sherehe iliharibika. Ndugu walikuwa wameshaambiwa watasikia sauti ya mama. Ilipobidi waelezwe kwa nini haipo, yeye alimtaja mdogo wake mbele ya watu wote, na akamwambia maneno ambayo mtu hamwambii ndugu yake. Wajomba wakamkalisha yule mdogo chini mara tatu. Akakataa, akalia, akaondoka kabla ya chakula. Ameolewa Nakonde, hapo ng'ambo tu upande wa Zambia, lakini tangu siku ile hajakanyaga Ikinga.

Yale maharage yalikaa jikoni kwangu wiki mbili. Kila nikitaka kuyachagua naishia kuyarudisha. Siku moja mume wangu akauliza kama tunayasubiri yaote. Nikamsimulia yote, kwa mara ya kwanza, nikiwa nimesimama na kikapu mkononi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kesho funga duka."

Nikafunga duka. Nilipanda gari hadi Itumba, nikamalizia na bodaboda katika ukungu na matope, nikiwa na kile kipande cha sekunde chache kwenye simu. Nilimkuta yule mama kibarazani akipukuchua mahindi. Alifurahi kuniona, akaniletea kigoda, akataka kwenda kuchemsha chai. Nikamwomba asichemshe kwanza. Nikamwambia. Sikuiremba: zilikuwepo zote saba, mimi ndiye niliyezifuta, kwa haraka na kwa majivuno, kisha nikakudanganya kwa sababu niliona aibu mbele ya wateja.

Aliendelea kupukuchua. Nilipomaliza alitikisa kichwa.

"Dada, una roho nzuri. Umeona tumegombana unataka utupatanishe. Lakini usijitwike jambo la watu."

"Si jambo la watu, ni langu."

"Mwenyewe amekiri," akasema.

Sikuelewa. Akanieleza kwamba wiki iliyotangulia mdogo wake alimpigia simu, akasema ndiyo, ni yeye, nafasi ilikuwa imejaa akafuta bila kujua ni nini, akaomba msamaha. "Nimeshamsamehe. Bado ana aibu ya kuja, lakini atakuja."

Nikatoa simu, nikampigia kile kipande, nikimwambia hiki ndicho nilichofukua mwenyewe siku ile, nikakificha nilipokuambia kadi haina kitu. Kikohozi, kuku, basi. Akaomba nirudie. Akasikiliza akiwa ameweka simu sikioni, na hapo mikono yake ikaacha mahindi.

"Huyu siyo mama," alisema. "Huyu ni mimi. Nilikuwa na mafua siku ile."

Kisha akanirudishia simu, na aliponitazama nilijua kwamba ameniamini. Hakunitukana. Ningeshukuru kama angenitukana. Aliingia ndani, nikamsikia analia kwa sauti ya chini, na alipotoka alikuwa amejifunga kitenge kingine na uso ameuosha.

"Mimi nilimwita mdogo wangu mchawi," akasema. "Mbele ya wajomba. Nenda kamwambie yeye. Mimi sina uso wa kumpigia leo."

Kesho yake nikavuka kwa miguu kwenda Nakonde. Nilimpata sokoni, anauza kapenta, wale dagaa wakavu, mbele yake mafungu yamepangwa vizuri juu ya gunia. Alifanana na dada yake, ila mwembamba zaidi. Akanisalimu "mulishani" akidhani ni mteja, nikamjibu kwa Kiswahili, nikamwambia mimi ndiye wa steshenari ya Tunduma, na ninatoka kwa dada yake. Akanisogezea ndoo nikae. Nikamsimulia kama nilivyomsimulia dada yake, taratibu zaidi, kwa sababu sasa nilijua kwamba kusema kweli peke yake hakutoshi.

Alinisikiliza akipunga nzi kwa kipande cha boksi. Nilitegemea atapiga kelele za furaha, au atanirushia ndoo.

"Hapana, dada," akasema kwa upole. "Ni mimi."

"Kwa nini ulikiri kitu ambacho hukukifanya?"

"Mwanzo nilikataa kwa sababu nilikuwa sikumbuki. Halafu watu wote wakasema. Mume wangu naye akasema, labda ulifuta hukujua. Nikawa nafikiri kila siku. Mwisho nikakumbuka." Akainua kidole gumba akakitazama. "Nilikuwa nimekaa kitandani, simu ikaandika nafasi imejaa. Nikazichagua moja moja. Nikabonyeza. Hata nilivyobonyeza nakumbuka."

Lile neno langu, huenda, lilikuwa limevuka mpaka, likaingia nyumbani kwa mtu, likamtengenezea hata kumbukumbu. Nikamshika mkono, ule wenye kidole.

"Nisikilize. Zilikuwepo. Kadi ilipofika dukani kwangu zilikuwepo zote saba, nilizihesabu kwa macho haya. Na ya kwanza niliifungua, nikaisikiliza kidogo kupima sauti. Nilimsikia mama yako."

Kile kipande cha boksi kikasimama hewani. Mteja akainama kuuliza bei, yeye hakumwona.

"Ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Baada ya mimi kurudisha kadi?"

"Baada yako. Mimi ndiye wa mwisho kumsikia."

Aliweka boksi chini. Nilidhani sasa hasira inakuja, nikaisubiri, nilikuwa nimeitafuta kwa zaidi ya nusu mwaka. Lakini alinisogelea karibu, magoti yake yakagusa yangu, akauliza kwa sauti ndogo:

"Alikuwa anasema nini?"

Mimi ni Mnyamwanga. Kindali sikijui. Siku ile nilisikia sauti ya mama mzee, nikaona haikwaruzi, nikaifunga. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia sijui, sikuelewa hata neno moja, nilikuwa napima sauti tu.

"Hata mlio wake," akasema. "Alivyoanza tu. Jaribu."

Nikajaribu. Pale katikati ya mafungu ya kapenta nikafungua mdomo nikatoa sauti mbili tatu, zile nilizodhani nilizisikia, na uso wangu ulikuwa unawaka kwa aibu. Alinisikiliza ameinamisha kichwa, macho ameyafumba. Nilipomaliza hakusema kama ndizo au sizo. Aliniambia nirudie.